Mguu na foklifti visipite njia moja

Kuna neno moja ambalo nimeliandika mara nyingi katika kadi za wagonjwa wangu na ambalo leo nataka kulitubia mbele yako. Neno lenyewe ni "aliteleza".

Miaka kadhaa iliyopita, siku moja ya mwisho wa mwezi, kijana mmoja aliletwa katika zahanati yangu hapa Mombasa akiwa amelazwa nyuma ya pikapu, juu ya magunia matupu. Alikuwa kibarua katika ghala moja lisilo mbali na bandari. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa shati. Nilipolifungua shati hilo niliona mguu uliopondeka, na ngozi imechunwa kuanzia vidoleni hadi karibu na kifundo, mfano wa soksi inayovuliwa.

Kando yake alisimama mnyapara. Nilimuuliza kijana yaliyomfika, lakini aliyejibu ni mnyapara: "Aliteleza, daktari. Aliteleza akaangukiwa na mzigo." Kijana alinitazama, kisha akageuza uso akaangalia ukuta. Nje palikuwa na foleni ndefu ya akina mama na watoto wenye homa. Ngozi ile ilikuwa ikinieleza habari nyingine kabisa, kwa maana gunia likianguka huponda, halichuni. Kinachochuna namna ile ni gurudumu. Hata hivyo niliandika kama nilivyoambiwa. Nikakiosha kidonda, nikamdunga sindano ya pepopunda na ya kutuliza maumivu, nikampa barua ya kwenda hospitali kubwa.

Baada ya miezi mitano alirudi kwa magongo. Mguu ulikuwa umekatwa chini ya goti. Safari hii alikuja peke yake, akiwa na fomu ya kudai fidia ambayo sehemu yake hujazwa na daktari. Ndipo akanieleza yaliyotokea. Alikuwa akitoka msalani, akirudi kazini kwa kupitia ujia ule ule unaopitwa na mashine, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Foklifti ilikata kona ikiwa imebeba magunia ya mchele yaliyopangwa hadi kumziba dereva macho. Kampuni ya bima ilikuwa imekwisha kupata nakala ya kadi yangu ya siku ya kwanza.

"Daktari," aliniambia kwa upole, "ni wewe uliyeandika kwamba niliteleza."

Niliandika barua ya kueleza nilichokiona kwa macho yangu siku ile. Lakini barua inayoandikwa baada ya miezi mitano haina nguvu ya kadi iliyoandikwa saa ile ile. Madai yale yalikokotwa kwa muda mrefu, na alichopata mwishowe kilikuwa kidogo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wagonjwa wangu wanaotoka maghalani maswali mengi zaidi. Yale niliyoyasikia yamenifanya niamini jambo moja ambalo ndilo ninalotaka kukueleza leo. Ajali nyingi za foklifti tunazozibandika majina ya "kuteleza", "uzembe" au "bahati mbaya" zina chanzo ambacho mtu angeweza kukionyesha kwa kidole tangu jana yake: mwenye ghala ametoa njia moja tu, na njia hiyo hiyo imetumiwa na mashine na miguu ya watu.

FOKLIFTI SI GARI DOGO

Huenda wewe msomaji hujawahi kuingia ghalani. Hata hivyo mchele unaokula, unga, sukari, saruji ya nyumba yako na majani ya chai vyote hupitia humo. Kuanzia Shimanzi na Changamwe hapa Mombasa hadi Eneo la Viwandani kule Nairobi, kazi ambayo zamani ilifanywa na mabega ya makuli sasa hufanywa kwa kiasi kikubwa na foklifti. Hili ni jambo jema. Kama daktari nimeona migongo mingi iliyoharibika kwa kubeba magunia, na sitamani turudi huko.

Tatizo ni kwamba watu wengi huiona foklifti kama kigari kidogo kwa kuwa ni fupi na huenda polepole. Hebu tuitazame vizuri.

Foklifti ya kawaida inayoweza kuinua tani mbili na nusu, yenyewe ikiwa tupu ina uzito wa karibu tani nne. Uzito huo ni sawa na wa magari madogo matatu. Ni lazima iwe nzito hivyo, kwani nyuma yake huwekwa chuma kizito cha kusawazisha mzigo ulio mbele ili isipinduke. Ikibeba mzigo wake kamili, jumla huwa zaidi ya tani sita, na sehemu kubwa ya uzito huo huegemea magurudumu mawili ya mbele. Kwa hivyo gurudumu moja la mbele linaweza kukandamiza kwa zaidi ya tani mbili. Hilo ndilo lililopita juu ya mguu wa yule kijana.

Pili, foklifti hupinda kwa magurudumu ya nyuma, tofauti na gari. Dereva anapokata kona, sehemu ya nyuma hutoka nje kwa kasi upande ule mwingine. Mtu aliyesimama kando akaona mbele ya mashine inamwacha hudhani yuko salama, kumbe nyuma inamjia. Mtu anaweza kubanwa baina ya mashine na ukuta au rafu kwa namna hii.

Tatu, ni suala la macho. Mzigo ukipangwa juu, dereva haoni kilicho mbele. Ndiyo maana madereva waliofunzwa huendesha kinyumenyume wanapobeba mzigo mrefu. Lakini kuendesha huku umegeuza shingo kwa saa nane huumiza, na wengi huchoka wakarudia kwenda mbele kwa kukisia.

Nne, ni kasi. Mwendo wa kilomita 10 kwa saa huonekana kuwa mdogo sana. Katika mwendo huo, foklifti husogea karibu mita tatu kila sekunde. Mtu huhitaji karibu sekunde moja kushtuka kabla hata hajaigusa breki. Kwa hiyo anayetokea kwenye kona akiwa hatua tatu mbele ya mashine amekwisha kufikiwa kabla ya mguu wa dereva kufika kwenye breki. Na dereva mwenye busara huogopa kufunga breki ghafla kwa kuwa mzigo unaweza kumwagika mbele au mashine yenyewe ikapinduka.

Haya si mambo ya Kenya pekee. Taasisi ya serikali ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, NIOSH, ilichunguza vifo 1,021 vilivyotokana na ajali za foklifti nchini humo kati ya 1980 na 1994. Katika kila vifo 100, 22 vilitokana na mashine kupinduka. Vifo 20 vilikuwa vya watu waliokuwa wakienda kwa miguu wakagongwa, na 16 vya watu waliobanwa. Utaona kwamba hatari haimkabili aliye juu ya kiti peke yake. Inamfuata pia karani aliyeshika karatasi, fundi anayepita, tanboi anayesubiri lori lipakuliwe na kibarua anayetoka msalani.

BUTI, HONI NA KIZIBAO

Nikizungumza na wasimamizi wa maghala, jibu la kwanza ninalopata ni hili: "Daktari, tuliwapa buti na vizibao vya kung'aa, lakini hawavai." Ni kweli kwamba wapo wanaofika kazini na champali au akala, na jambo hilo silitetei. Lakini hebu tujiulize buti inaweza kufanya nini.

Buti ya kazi yenye chuma kidoleni, ikiwa ni ya kiwango kinachotambuliwa kimataifa, hupimwa kwa kukandamizwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu tani moja na nusu. Buti hiyo itakuokoa vidole ukiangukiwa na katoni. Gurudumu la foklifti iliyosheheni, kama tulivyoona, linaweza kukandamiza zaidi ya tani mbili, na haliishii kidoleni. Hupanda juu ya mguu mzima, mahali pasipo na chuma. Vaa buti, tafadhali, lakini usidanganyike kwamba imekupa ruhusa ya kutembea mbele ya mashine.

Honi nayo ina kasoro yake. Katika ghala lenye foklifti tatu au nne, honi hulia kutwa nzima. Sikio la binadamu huzoea haraka sauti isiyokoma, likaacha kuisikiliza. Ndivyo tunavyolala usingizi karibu na msikiti, kanisa au kituo cha matatu. Honi hufaa katika kona na mlangoni, mahali ambapo hailii ovyo.

Kizibao cha kung'aa kinasaidia pale tu dereva anapoweza kukuona. Magunia yakiwa yamemziba macho, rangi ya nguo yako haina maana.

Silaumu vitu hivi. Ninachosema ni kwamba vyote vinamtwika mzigo wa usalama yule mwenye miguu, na kumwachia mwenye ghala nafasi ya kusema baadaye kwamba alizembea.

YANAYOTOKEA NDANI YA MGUU

Nikueleze sasa kwa nini majeraha haya ni mabaya kuliko yanavyoonekana, kwani hapa ndipo wengi hupoteza viungo ambavyo vingeweza kuokolewa.

Misuli ya mguu na mkono imefungwa katika vifuko vya utando mgumu usiotanuka. Misuli ikipondwa huvimba, na kwa kuwa kifuko hakitanuki, shinikizo hupanda ndani hadi damu ishindwe kupita katika mishipa midogo. Kwa nje unaweza kuona uvimbe tu, pengine hata bila kidonda, na mfupa usiwe umevunjika. Ndani, misuli na neva zinakosa hewa. Hali hii ikiachwa kwa takribani saa sita, sehemu hizo huanza kufa, na zikishafa hazirudi.

Dalili kuu ni maumivu makali kupita kiasi cha jeraha linaloonekana, yanayozidi saa baada ya saa badala ya kupungua, na ambayo dawa za kawaida hazitulizi. Ukivinyoosha vidole vya mgonjwa, hulia kwa uchungu. Mguu huwa mgumu kama ubao, kisha ganzi huingia. Mtu mwenye dalili hizi anahitaji daktari wa upasuaji usiku huo huo ili kifuko kipasuliwe na damu ipate njia. Asisubiri asubuhi.

Naomba sana mguu wa namna hii usichuliwe wala kukandwa kwa maji ya moto. Najua hapa Pwani na hata bara tuna wazee wanaojua kuchua, na wengi wao ni watu wema. Lakini kukanda misuli iliyopondwa huongeza uvimbe, na saa zinazopotea kwa kuchua ndizo saa ambazo mguu ungeokolewa. Vilevile usiufunge kwa bendeji ya kubana.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana mguuni kabisa. Misuli mingi ikipondwa au kubanwa kwa muda mrefu, humwaga sumu zake katika damu. Daktari Eric Bywaters na mwenzake waliieleza hali hii mwaka 1941 huko London, walipowatibu watu waliofukiwa na vifusi wakati wa mabomu ya vita. Walifukuliwa wakiwa wazima, wakazungumza na jamaa zao, kisha baada ya siku chache wakafa kwa sababu figo zao zilikuwa zimesimama. Dalili yake ni mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kola, tena mchache. Aidha madini ya potasiamu yanayotoka katika misuli hiyo yanaweza kuusimamisha moyo. Mtu aliyebanwa na foklifti paja au nyonga kisha akasema "mimi niko sawa" bado anapaswa kufikishwa hospitali.

Na aliyebanwa kiunoni au tumboni baina ya mashine na ukuta, hata kama hana mchubuko, anaweza kuwa anavuja damu ndani. Akianza kutoka jasho baridi, kuona kiu kali, kuhema haraka na kuweweseka, hapo hakuna muda wa kuzungumza na mnyapara.

AJALI IKITOKEA

Usikurupuke. Fanyeni mambo haya kwa utaratibu:

Zimeni mashine na mzuie nyingine zote zisiingie katika ujia huo. Majeruhi wa pili mara nyingi ni yule aliyekimbilia kuokoa.

Kama gurudumu bado liko juu ya mwili, dereva asilirudishe nyuma kwa haraka likampitia mara ya pili. Inueni mashine kwa jeki au kwa foklifti nyingine ikiwezekana, polepole, huku mtu mmoja tu akitoa amri.

Tazameni saa. Daktari atataka kujua mtu alibanwa kwa dakika ngapi.

Damu ikichuruzika, kandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachia. Msipake mafuta, majani ya chai wala majivu.

Kama anaumwa shingo, mgongo au nyonga, msimkalishe wala kumsimamisha. Mlazeni juu ya ubao mpana au mlango, achukuliwe akiwa amenyooka.

Msimpe chakula wala kinywaji, kwani huenda akahitaji kupasuliwa. Mfunikeni asipate baridi.

Kidole au kiungo kikikatika, kifungeni katika kitambaa safi chenye unyevunyevu, mkitie ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha mfuko huo muuweke juu ya barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja.

Pigeni simu 999 au 112, na msingoje kama kuna gari tayari. Aende na mtu aliyeiona ajali kwa macho yake. Mnyapara aliyekuwa ofisini hawezi kutueleza tunachohitaji kujua.

NJIA MBILI

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Dawa ya ajali hizi ni kutenganisha. Mwenye miguu awe na njia yake, na mashine iwe na yake. Mahali njia hizo zinapokutana pawe pachache, panapojulikana na panapoonekana.

Mwenye ghala mmoja aliniambia kwamba ghala lake ni dogo na kwamba akitenga njia ya watu atapoteza nafasi ya paleti. Nilimwomba afanye jambo moja lisilo na gharama yoyote. Akae juu ya kiti mchana mmoja, aifuate miguu kwa macho. Kila mtu anayepita kwenye ujia wa mashine, ajiulize anakwenda wapi na kwa nini.

Aligundua kwamba nusu ya safari zile hazikuhusiana na mizigo. Watu walikuwa wakienda kunywa maji kwenye pipa lililowekwa mwisho wa ghala. Walikuwa wakienda msalani. Matanboi walikuwa wakiingia ndani kumtafuta karani atie sahihi karatasi zao. Pipa lilihamishwa siku ile ile. Meza ya karani ikawekwa dirishani, tanboi akawa anapokea karatasi yake akiwa nje.

Kisha vikaja vitu vinavyohitaji pesa kidogo. Rangi ya manjano ya kuchora njia ya miguu kando ya ukuta. Mabomba ya chuma yaliyojazwa zege, yakasimikwa kwenye kona ili mashine isiweze kuvuka mstari hata dereva akisinzia. Mlango mdogo wa watu kando ya mlango mkubwa wa magari. Kioo cha mviringo juu ya kona iliyofichika. Fedha zilizotumika hazikufikia gharama ya kumlaza mgonjwa mmoja wa mguu uliopondeka kwa mwezi mmoja.

Pale ambapo kweli hakuna nafasi ya njia mbili, tenganisha kwa wakati. Foklifti ikiingia katika ujia, mnyororo ufungwe na watu wote watoke. Ikishatoka, mnyororo ufunguliwe na watu waingie kuhesabu au kufagia. Utaniambia kazi itachelewa. Itachelewa kidogo, ni kweli. Lakini siku ya ajali kazi husimama kabisa.

Na dereva? Mimi si miongoni mwa wanaomtupia lawama zote. Awe amefunzwa na kupimwa, macho yake pia yapimwe, na asiruhusiwe kijana yeyote kuwasha mashine kwa sababu tu ufunguo umeachwa. Lakini dereva yule huharakishwa na watu wengine. Nje kuna foleni ya malori, kontena likichelewa kurudishwa hutozwa ada, na msimamizi anataka idadi ya paleti kabla ya jioni. Ukimlipa mtu kwa haraka yake, usishangae akiharakisha.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama wa watu wote wanaofanya kazi mahali pake. Wote ni pamoja na kibarua aliyechukuliwa langoni asubuhi ile. Penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya ambamo wafanyakazi wanawakilishwa, na kila baada ya miezi 12 pafanyiwe ukaguzi wa usalama. Mtu akifa kazini, ofisa wa usalama wa eneo hilo ajulishwe katika muda wa saa 24, na taarifa ya maandishi ipelekwe katika siku saba. Ajali ya kujeruhi nayo iripotiwe kwa maandishi katika siku saba. Tena sheria hiyo inakataza kumfukuza au kumwonea mfanyakazi kwa sababu amelalamikia jambo la hatari.

Sheria nyingine ya mwaka huo huo, ile ya fidia kwa majeraha ya kazini ambayo wengi huiita WIBA, haimlazimu aliyeumia athibitishe kwamba mwajiri alikosea. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini kwa sababu ya kazi. Madai yafanywe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96, kulingana na kiwango cha ulemavu wenyewe. Utaona mara moja kwamba mwenye ujira mdogo hupata kidogo, hata kama mguu wake ulikuwa na thamani ile ile kwa watoto wake.

Najua utakachonijibu. Kibarua akilalamika leo, kesho langoni jina lake haliitwi. Ni kweli, na ndiyo sababu sitaki hoja hii ibebwe na kibarua peke yake. Ibebwe na kamati, na chama cha wafanyakazi, na mwenye ghala mwenyewe anayejua kuhesabu faida na hasara. Na ibebwe na sisi madaktari na wauguzi.

Kwa wenzangu wa taaluma hii nina ombi moja. Mgonjwa akiletwa na mnyapara, mwombe mnyapara asubiri nje. Kisha uliza: kitu gani kilikugusa? Ulikuwa ukipita wapi, na ulikuwa ukienda wapi? Andika maneno ya mgonjwa mwenyewe, na uandike ulichokiona. "Aligongwa na foklifti akitoka msalani" ni maneno matano tu, lakini yanatosha kumfanya mkaguzi aulize msala uko wapi na njia ya kuuendea ni ipi. "Aliteleza" halimfanyi mtu yeyote aulize chochote, na kesho yake mashine hupita pale pale.

Yule kijana siku hizi ana kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu, karibu na steji. Nikipita hunisalimu vizuri kuliko ninavyostahili.

Wewe msomaji, pengine mume wako, mwanao au ndugu yako hufanya kazi ghalani. Akirudi jioni, mpe kwanza maji na chakula. Kisha muulize swali hili dogo: "Ukitaka kwenda msalani kazini kwenu, unapita wapi?" Akikujibu kwamba hupita njia ya foklifti, basi msilale kabla hamjakubaliana atamweleza nani kesho, na atafuatana na wenzake wangapi.